Ufagio wa Mwanza na mpagazi asiye na cheti

Kuna kisa kimoja kinachozunguka sana mtandaoni, na huenda umeshakutana nacho bila kukumbuka kwamba ni cha Mwanza. Mwaka 1964, mwaka uleule aliofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kule Hamburg, Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wa Kiafrika waliopigana chini ya bendera ya Kijerumani katika Vita Kuu ya Kwanza na ambao bado walikuwa hai. Ofisi ya muda ya kulipia ikafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 wakajitokeza. Shida ikawa ushahidi. Wachache tu ndio walikuwa na vile vyeti ambavyo Lettow-Vorbeck aliwaandikia 1918. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa, na wengine hawakuwa na kitu chochote mkononi. Mjerumani aliyekuja na fedha akapata wazo: kila mzee apewe ufagio, kisha aamrishwe kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki. Kisa kinasema hakuna hata mmoja aliyekosea.

Ukikisoma mara ya kwanza unacheka. Ukikisoma mara ya pili unaanza kuwaona wale wazee, miaka 46 baada ya vita, wamekakamaa kama vijana, fagio begani.

Mimi nilitaka kujua kimetoka wapi. Nilikikuta kwenye kurasa nyingi sana, za Kiingereza, za Kijerumani, hata za mitandao ya kijamii, na karibu zote zinakieleza kwa mpangilio uleule na takriban kwa maneno yaleyale. Hiyo ni dalili ya kwanza. Kurasa kumi zinazosema kitu kimoja kwa maneno mamoja si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja na mwangwi wake. Ukifuata tanbihi, badala ya kurukaruka kutoka ukurasa hadi ukurasa, unafikishwa kwenye kitabu cha Charles Miller, Mmarekani, kiitwacho Battle for the Bundu, kilichochapwa 1974. Miaka kumi baada ya tukio. Anayetaka kwenda mbele zaidi ya Miller inabidi atafute mawasiliano ya ubalozi wa Ujerumani Magharibi uliokuwa Dar es Salaam, na mawasiliano ya namna hiyo kwa kawaida huhifadhiwa katika jengo la nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje, Berlin. Au, jambo ambalo linawezekana zaidi kwetu sisi, amtafute mjukuu wa mmoja wa wale wazee, hapa hapa kandoni mwa ziwa, amuulize babu yake alizileta nyumbani fedha gani mwaka 1964 na akazinunulia nini. Ng'ombe, bila shaka. Lakini ng'ombe wangapi?

Nimeanza na ufagio kwa sababu ndani yake mna swali lote la kutafuta wahenga wetu kwenye kompyuta. Nani ana cheti, nani hana. Asiye na cheti anathibitishwaje?

Kijana yeyote aliyeomba mkopo wa chuo anaujua mchezo huu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe, la sivyo wewe hujazaliwa na baba yako hajafa. Sasa jaribu kumhakiki babu wa babu yako.

Tuanze na wale wenye bahati, yaani walioandikwa. Nyaraka kuhusu pwani hii ya ziwa zilizoko mtandaoni ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kubwa kati ya hizo unazifungua kwa simu. Internet Archive ina kitabu cha Stanley cha 1878 kinachoeleza alivyofika Kageye tarehe 27 Februari 1875 akiwa na boti yake Lady Alice. Ina kitabu cha Paul Kollmann, ofisa wa Kijerumani, kilichotoka 1898 kwa Kijerumani na 1899 kwa Kiingereza, chenye michoro ya ngao, mitumbwi, ngoma na vyombo vya watu wa kando ya ziwa. Nyaraka za Taifa za Ujerumani zimeweka mtandaoni mafaili mengi ya Wizara ya Makoloni, fungu linaloitwa R 1001, unayatazama ukurasa kwa ukurasa bila kulipa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inayo hazina ya picha za zama za ukoloni, makumi ya maelfu. Na kwa Wafaransa, yaani mapadre wa White Fathers waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, kuna maktaba ya Gallica yenye majarida ya kimisheni ya karne ya kumi na tisa.

Basi mtu anafungua, anaandika "Mwanza", anapata vitu vitatu, anafunga. Anasema hakuna kitu.

Vipo. Tatizo ni kwamba kisanduku cha kutafutia hakijui Kiswahili chako cha leo, kinajua mkono wa karani aliyeandika. Mjerumani hakuandika Mwanza, aliandika Muansa. Usukuma kwake ni Ussukuma, Shirati ni Schirati. Mfaransa anaweka "ou" kila penye "u", kwa hiyo Bukumbi itafute kama Boukoumbi. Kageye kwa Stanley ni Kagehyi. Mtemi Lukonge wa Ukerewe ni Lukongeh, na kwa Wakerewe wenyewe utamkuta kwa R na kwa L, kama ambavyo Ukerewe yenyewe utaikuta Ukerebe na Bukerebe. Mwanamalundi, yule mganga maarufu wa Usukuma, nimeshaona jina lake limeandikwa kwa namna nne tofauti, kulingana na mwandishi alivyoisikia ile "ng'w" ya Kisukuma. Hata jina Mwanza lenyewe watu wengi hulieleza kuwa ni Nyanza iliyotamkwa na mdomo wa mgeni. Mji mzima una jina lililokosewa, sembuse mpagazi mmoja.

Halafu kuna mtego ambao ulinichukua muda kuugundua. Vitabu na magazeti mengi ya Kijerumani ya zama zile yalichapwa kwa herufi za kale, ambamo "s" ya katikati ya neno inafanana mno na "f". Kompyuta inaposoma ukurasa uliopigwa picha ili kuugeuza maandishi, inazichanganya. Matokeo yake, ndani ya baadhi ya maandishi hayo Muansa imehifadhiwa kama "Muanfa" na Ussukuma kama "Uffukuma". Ukiandika neno sahihi hupati kitu, ukiandika kosa unapata kurasa. Andika daftarini kila umbo la jina unalokutana nalo, hata la ovyo. Lile la ovyo ndilo hufungua mlango.

Maandishi ya mkono ni shughuli nyingine. Mwandiko wa Kijerumani wa miaka ile hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Ipo programu inayoitwa Transkribus ambayo unaipa picha ya ukurasa, inakusomea. Haisomi yote sawasawa, na majina ya Kiafrika ndiyo inayoyaharibu zaidi, kwa sababu imefundishwa kwa maneno ya Kijerumani. Lakini inakuonyesha ukurasa upi unahusu kodi na upi unahusu mahindi, halafu macho yako yanamalizia.

Sasa ukishayajua yote hayo, unamwona nani? Unawaona maofisa. Theodor Gunzert, bwana mkubwa wa wilaya ya Mwanza kuanzia 1907 hadi Waingereza walipofika, unampata kirahisi. Robert Koch aliyekuja ziwani 1906 kutafiti malale unampata. Watemi unawapata, tena na shajara zao, kwa sababu Mwingereza baadaye alihitaji kujua nani atawale kwa niaba yake. Vile vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na mabwana shauri vimejaa orodha za watemi hadi kizazi cha kumi, na makaratasi ya Hans Cory yaliyoko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo yana habari nyingi za utemi na sheria za Kisukuma. Ukiwa wa ukoo wa kitemi, kazi yako ni nyepesi. Ukiwa mjukuu wa mkulima wa mtama, pole sana.

Kwenye picha za Frankfurt ndipo inapouma. Tafuta "Muansa", kisha "Askari", kisha "Träger", yaani wapagazi. Nyuso zinatokea, kali kabisa, unaona hadi chale. Chini yake maelezo yanakwambia jina la mzungu aliyekaa katikati na jina la mahali. Wengine ni "askari" au "wapagazi". Kuna wakati nilijikuta nawatazama mmoja mmoja nikitafuta masikio ya baba yangu.

Nina sababu. Katika ukoo wetu, upande wa Nassa, yupo mtu aliyekwenda "vita ya Mjerumani" na hakurudi. Alikuwa kaka wa babu yake baba. Alikuwa pacha wa kwanza, kwa hiyo jina lake Msukuma yeyote anayesoma hapa analijua kabla sijalitaja. Kila kizazi mtoto mmoja anapewa jina la utani alilokuwa nalo yeye kwenye ngoma, na jina hilo sasa limefika kwa mtoto wa binamu yangu. Bibi, aliyeolewa katika ukoo huo na ambaye ndiye mtunza habari wetu, huwa anasema mtu asiyezikwa haachiwi jina lake likalala. Ndiyo maana wanalizungusha.

Nilipoanza nilidhani nitatafuta jina. Jina ndilo kitu dhaifu kuliko vyote. Kwanza, Kulwa na Doto wako kila kijiji cha Usukuma. Pili, sisi kwa desturi ya zamani hatukuwa na jina la ukoo linaloshuka kama la Wazungu. Jina la pili lilikuwa la baba, basi, na kizazi kinachofuata linabadilika. Tovuti za kutengenezea shajara zilizobuniwa Marekani zinakulazimisha ujaze jina la ukoo, halafu zinakuletea "ndugu" ambao wanachangia nawe neno tu. Tatu, na hili ndilo linalowapoteza wengi, wapagazi walikuwa na majina ya safari. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wapagazi wa Tanganyika ya karne ya kumi na tisa, anaonyesha upagazi ulivyokuwa kazi yenye heshima na utamaduni wake, na Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliokuwa mabingwa wake. Mtu akiingia njiani anaweza kuitwa Juma, au Mabruki, au jina la bunduki. Karani anaandika hilo. Nyumbani hakuna anayelijua.

Kwa hiyo nikaacha jina, nikaanza kuuliza swali lingine: alichukuliwa na nani?

Bibi akanishangaa. "Na Mjerumani. Si vita ya Mjerumani?"

Hapa ndipo tarehe zinapofanya kazi. Mwanza ilitekwa na Waingereza tarehe 14 Julai 1916. Kabla ya hapo, mwezi Juni, walishaichukua Ukerewe, na mwaka mmoja nyuma yake, Juni 1915, walikuwa wameivamia Bukoba kwa meli kutoka Kisumu. Aliyechukuliwa upagazi Nassa mwaka 1915 alibebea Wajerumani. Aliyechukuliwa 1917 alibebea Waingereza, dhidi ya Wajerumani walewale. Na wapo waliobebea jeshi la Wabelgiji, lililoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wote hao, kwa watu wa nyumbani, walikwenda vita ya Mjerumani. Maneno yaleyale yanaweza kukupeleka Berlin, London au Brussels, na ukienda penye makosa utatafuta miaka kumi.

Maswali yanayosaidia ni ya kawaida kabisa. Aliondoka kwa miguu au kwa meli? Waliomchukua walikuwa na askari wa kutoka wapi? Kuna aliyerudi kati ya wenzake, na huyo aliyerudi alitaja mahali gani? Bibi alikumbuka kwamba yupo mwenzake aliyerudi, na huyo alikuwa akisimulia bahari, na mvua isiyokoma, na watu kufa kwa kuhara, na neno "Lindi". Lindi inatosha. Mapigano ya Kilwa na Lindi ni ya 1917, na wapagazi waliopelekwa huko kwa maelfu walipelekwa na Mwingereza. Wakati huo alikuwa amekomba watu kila mahali alipopateka. Kwa hiyo mtu wetu, kwa uwezekano mkubwa, hakufa akiwa wa Mjerumani. Alikufa akiwa na namba ya Kiingereza.

Namba, nasema, si jina. Mkuu wa idara ya wapagazi upande wa Waingereza alikuwa Oscar Ferris Watkins, na wapagazi walifungwa shingoni vibati vyenye namba. Ni kikosi hicho, Carrier Corps, kilichotuachia neno Kariakoo. Kwa vita vyote vya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, na idadi ya vifo inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, siyo risasi. Vita vilipokwisha, maelfu ya mishahara ya marehemu haikuwafikia ndugu. Sababu iliyotolewa ni kwamba ndugu hawakupatikana. Na wangepatikanaje, ikiwa kitabuni mna namba, jina la safari, na kijiji kilichoandikwa na karani asiyejua lugha?

Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917, ina hifadhidata mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bure. Ni moja ya zana bora za aina yake duniani. Ukiwa na babu Mwingereza aliyekufa Lindi, utapata jina lake, cheo, tarehe, hadi mstari wa kaburi. Ukiwa na babu mpagazi, utapata sanamu. Dar es Salaam ni ile ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Nairobi na Mombasa zipo zao. Majina hakuna. Si kwamba yalisahaulika tu, uamuzi ulifanywa. Makaburi ya wapagazi huku Tanganyika yaliachwa yarudi kuwa pori, na badala ya majina ikaonekana mnara mmoja unatosha.

Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri. Watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na idadi hiyo inaweza kufika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Ripoti yenyewe iko mtandaoni, na nakushauri uisome badala ya kusoma habari kuhusu ripoti, maana ndani yake mna barua za maofisa na unaona jinsi watu wenye adabu zao, kwa lugha nzuri tu, walivyokubaliana kwamba Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina.

Ninachokitaka kwenye ripoti hiyo siyo radhi. Nataka orodha. Tume imesema inatafuta majina, na kama inatafuta kwa dhati basi kuna siku mtu wa Nassa atapaswa kuulizwa: mnaye? Siku hiyo tutarudi kwenye ufagio. Tutathibitishaje?

Ushahidi wa familia ulivyo mdomoni haumtoshelezi mtunza nyaraka, lakini unaweza kufungwa kwenye vitu anavyoviamini. Cha kwanza ni miaka. Wazee wetu hawahesabu miaka, wanataja matukio, na matukio yana tarehe. Sotoka iliyomaliza ng'ombe ni mwanzoni mwa miaka ya 1890. Homa kubwa ni 1918 na 1919. Ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ni kati ya 1961 na 1964, lilipanda kama mita mbili na nusu, na kila mtu wa ufukweni anajua ni mtoto yupi aliyezaliwa kabla na yupi baada. Ukiweka matukio hayo kwenye mstari mmoja, na vizazi kwenye mstari wa pili, ghafla unajua kaka yake babu alikuwa na umri gani 1917. Wetu alikuwa kwenye ishirini na kidogo.

Cha pili ni mahali. Ramani ya Kijerumani ya koloni zima, kipimo cha moja kwa laki tatu, imepigwa picha na iko mtandaoni. Vijiji vimeandikwa kwa jina la jumbe wa wakati ule. Niliipakia simuni, nikaikuza, nikamsomea Bibi majina yaliyozunguka Nassa, kwa matamshi ya kusikitisha. Yapo aliyonirekebisha kwa kucheka, yapo aliyonyamaza. Jina moja ambalo mimi nililiona kama takataka ya tahajia, alilisema mara mbili polepole, kisha akasema hapo ndipo walipokuwa kabla ya kuhamia. Hakuna programu iliyokuwa na uwezo wa kufanya hivyo.

Cha tatu ni kanisa. Rejista za ubatizo za Kikatoliki, kwa Kilatini, zina jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi, na Bukumbi wana miaka zaidi ya 130 ya utunzaji. Lakini Nassa haikuwa ya Wakatoliki. Ilifunguliwa na Waanglikana wa CMS mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1909 ikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Angalia basi njia ya karatasi: nyaraka za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na sehemu kubwa ya nakala zake za kidijitali iko nyuma ya ukuta wa malipo ambao vyuo ndivyo vinavyoumudu. Nyaraka za AIM ziko Chuo cha Wheaton, jimbo la Illinois, Marekani. Historia ya kijiji kimoja cha wakulima na wavuvi imegawanyika kati ya Uingereza na Marekani, na mwenye kijiji anaambiwa alipie kwa kadi ya benki. Hapa sina adabu: huu ni upuuzi. Barua zilizoandikwa Nassa kuhusu watu wa Nassa zinapaswa kusomeka Nassa.

Watunza nyaraka wenyewe, nikiri, mara nyingi ni watu wema kuliko mifumo yao. Barua pepe fupi, yenye swali moja tu lenye tarehe na mahali, hujibiwa. Barua ndefu ya uchungu wa ukoloni haijibiwi. Nimejaribu zote mbili.

Na tusijifanye kwamba kutokuandikwa ni jambo la Wajerumani na Waingereza tu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, mia nane na zaidi. Pale Igoma kuna makaburi yao. Familia nyingi za kanda hii zinajua ndugu yao alipanda meli kwa sababu tu alisema anapanda. Mtu wa mwaka 2096 atakayemtafuta bibi yake aliyekuwa daraja la tatu atakuwa na tatizo lilelile nililonalo mimi, na hatakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka Nassa, alikuwepo mtu aliyeliona hili mapema. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, akikusudia watu wa baadaye wajue wazee wao waliishije. Kilichapwa kwa Kiswahili 1980, yeye akafariki 1981. Wasomaji wa fasihi tunamsoma kama mwandishi wa riwaya. Jaribu kumsoma kama mtafiti wa ukoo: nani anamwita nani shemeji, mahari inapita kwa nani, mgonjwa anauguzwa na nani, mtoto anapewaje jina. Ukijua hayo, maneno ya bibi yako yanaeleweka, na unajua kwamba "baba mdogo" aliyemtaja huenda alikuwa binamu wa babu. Mimi Kitereza amenisaidia kurekebisha matawi mawili ya mti wetu, jambo ambalo hakuna faili la Berlin lililonifanyia.

Nilichonacho sasa ni ukurasa mmoja. Una jina la kuzaliwa, jina la ngoma, jina la baba, kijiji kwa tahajia ya Kijerumani na kwa ya leo, umri wa kukadiria, mwaka 1917, neno Lindi, na jina la mwenzake aliyerudi. Nyuma yake kuna saa mbili na nusu za sauti ya Bibi, zilizorekodiwa kwa simu na kuhifadhiwa sehemu tatu tofauti, kwa sababu simu huibiwa. Nimemtumia mtoto wa binamu yangu nakala, yule mwenye jina. Ana miaka tisa na alitaka kujua jambo moja tu: kama babu alikuwa na bunduki.

Nikamwambia hapana, alibeba mzigo. Akauliza mzigo wa nini. Hilo nimeliongeza kwenye orodha ya maswali ya kumpelekea Bibi mwezi ujao.